Makoongwe na Hesabu ya Theluthi Mbili

Mwezi wa Juni 2024 Dk. Mohamed Said Dimwa, Naibu Katibu Mkuu wa CCM Zanzibar, alitangaza kwamba Kamati Maalumu ya Halmashauri Kuu ya chama chake upande wa Zanzibar imeridhia pendekezo la kurefusha kipindi cha urais, kutoka miaka mitano hadi saba, ili Dk. Hussein Ali Mwinyi akamilishe kazi aliyoianza. Haukupita muda Ikulu ya Zanzibar ikatoa taarifa kwamba Rais mwenyewe hana nia hiyo, na habari ikapoa. Vijana wa kisiwani petu walinionesha kwenye simu zao, wakishangaa kama watu walioona kitu kipya. Nikawaambia wakae chini. Jambo hili lilikwisha kupita mlangoni petu kabla wao hawajazaliwa, na kwa sehemu fulani baba zao na mama zao ndio waliolizuia.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilisomesha historia na siasa katika skuli za wilaya ya Mkoani, na kwetu ni Makoongwe, kisiwa kidogo kilichoelekeana na bandari ya Mkoani. Msafiri anayetoka Unguja kwa meli hupita karibu nasi bila ya kutuona, kwa sababu wakati huo kila mtu amesimama na mzigo wake, macho yako gatini. Ukitaka kuja kwetu unashuka meli, unateremka hadi kwenye vyombo vidogo, unavuka. Tunaishi kwa bahari, na wakati wa mavuno watu huvuka kwenda kuchuma karafuu za wenyewe. Historia za siasa za Zanzibar huandikwa kutoka Mnazi Mmoja na kutoka Dodoma. Nataka kuandika historia ya sharti moja tu la Katiba, lile linalomwambia Rais kwamba akimaliza vipindi viwili vya miaka mitano anakwenda nyumbani, kwa namna lilivyoonekana kutoka huku.

Nianze na zama ambazo sharti hilo halikuwapo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya iliahidi, kwa amri yake yenyewe, kwamba Baraza la Kutunga Katiba litaitwa katika muda wa mwaka mmoja. Mwaka ulipokaribia kwisha, ahadi ikaahirishwa, na Zanzibar ikakaa bila ya katiba yake hadi 1979. Miaka 15 nchi iliendeshwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi. Mzee Abeid Amani Karume alisema waziwazi kwamba uchaguzi hautakuwapo kwa makumi ya miaka. Tangu 1970 mahakama za wananchi zilisikiliza kesi bila ya mawakili. Pemba miaka ya mwanzo wazee wanaiita siku za bakora, na hawahitaji kueleza zaidi, kwa sababu kila familia ina mtu wake aliyechapwa mbele ya watoto wake.

Lakini mimi nikiulizwa utawala usio na mipaka ni kitu gani, jibu langu linaanzia jikoni. Kuanzia 1971 serikali iliamua kwamba watu wajitegemee kwa chakula, na mchele wa kutoka nje ukasimamishwa. Pemba ilikuwa imezoea kununua mchele kwa fedha ya karafuu. Wenye mabonde ya mpunga walipata chochote. Sisi wa visiwani, watu wa bahari, tulipata tabu kubwa. Samaki tulikuwa nao, ila mtoto hawezi kulishwa pono siku saba bila ya kitu cha kushibisha tumbo. Mama yangu alikuwa akikata mapapai mabichi vipande vidogo vidogo, akiyatia tui, akituambia leo ni mboga. Kesho yake yaleyale yakawa ndiyo chakula chenyewe, na tui limekuwa maji. Wapemba wa umri wangu wakisema "wakati wa njaa" bila ya kutaja mwaka, ni wakati huo. Na hakukuwa na mlango wa kubisha. Hakukuwa na mwakilishi wa kuchaguliwa ambaye angesimama mbele ya wenzake kuuliza kwa nini Mkoani hakuna mchele. Aliyeuliza aliuliza kwa siri, ndani ya nyumba, kwa mkewe.

Mzee Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Aliyemfuata, Sheikh Aboud Jumbe, ndiye aliyeleta Katiba ya 1979, na Januari 1980 Baraza la Wawakilishi likakaa kwa mara ya kwanza. Jumbe naye akaondoka Januari 1984, akilazimika kujiuzulu kule Dodoma kwa sababu ya msimamo wake juu ya muundo wa Muungano. Kisa chake kinataka makala yake peke yake. Kwa hoja yangu, lililo muhimu ni kilichokuja baada yake: Katiba ya Zanzibar ya 1984, iliyoanza kutumika tarehe 12 Januari 1985, iliyoweka haki za raia kwa maandishi, uhuru wa mahakama, na ukomo wa urais. Upande wa Muungano nako, marekebisho ya 1984 yaliweka ukomo huohuo. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere alitoka madarakani kwa hiari yake. Darasani nilikuwa nikisomesha mambo haya mawili kwa pamoja na kuwaambia wanafunzi wangu kwamba wanaishi katika nchi yenye bahati, na nilikuwa nikisema kwa moyo wangu wote.

Dk. Salmin Amour, aliyejulikana kwa jina la Komandoo, aliingia Ikulu ya Zanzibar mwaka 1990 akiwa mgombea pekee. Mwaka 1995 ukaja uchaguzi wa vyama vingi, wa kwanza tangu Mapinduzi. Makoongwe siku ile watu walijipanga kabla ya alfajiri, wanawake kwa kanga zao na vibatari mkononi, wavuvi wakaacha vyombo vimepanda mchangani. Matokeo yalipotangazwa, Dk. Salmin alipewa kura 165,271 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF kura 163,706. Tofauti ilikuwa 1,565. Majimbo yote 21 ya Pemba yalikwenda CUF, na katika viti 50 vya kuchaguliwa vya Baraza la Wawakilishi, CCM ilipata 26 na CUF 24.

CUF haikuyakubali matokeo ya urais, na wafadhili wengi wakasimamisha misaada. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Watu wengi wenye asili ya Pemba walipoteza kazi za serikali, na kuanzia Novemba 1997, karibu na uchaguzi mdogo wa Mkunazini, viongozi na wanachama wa CUF wakaanza kukamatwa. Walifika 18, wakiwamo wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, wakashitakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Walikaa ndani hadi Novemba 2000, mwezi ambao Mahakama ya Rufani ilisema kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili. Lakini kabla ya hapo lilikuwa limeingia jambo jingine. Muafaka wa kwanza baina ya CCM na CUF ulitiwa saini Juni 1999 kwa upatanishi wa Jumuiya ya Madola. Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere akafariki. Na wakati nchi ingali na tanga, sauti zikazidi kupanda Unguja: Komandoo aongezewe, Katiba ibadilishwe, apate kipindi cha tatu.

Nakumbuka jioni moja kule dikoni, mwaka ule ukielekea ukingoni. Redio ilikuwa imeshazimwa, watu wamebaki wakiyachambua waliyoyasikia. Alikuwapo mzee mmoja mshona nyavu, ambaye hakusoma skuli. Alichosoma ni chuo tu. Alivuta ubao wa bao, akamimina kete juu ya mkeka, akahesabu 50. "Haya ndiyo majimbo yote," akasema. Akatenga 26 upande wake, 24 upande wangu. "Mwalimu, hiyo Katiba yataka wangapi ili ibadilishwe?" Nikamwambia inataka theluthi mbili ya wajumbe, mafungu mawili katika matatu. Alinyamaza, midomo ikitikisika kwa hesabu. Kisha akaanza kuchukua kete upande wangu, moja moja, akiziweka upande wake kwa kidole cha shahada, mpaka upande wake ulipofika 34. "Nane," akasema. "Ataka nane za kwetu. Nani atampa?"

Kijana mmoja, aliyekuwa akikuna nazi ya chakula cha usiku pale pembeni, akauliza swali ambalo hadi leo naliona ni la mtu mwenye akili sana. "Na kete za mkononi?" Mchezaji wa bao anajua kwamba mwanzo wa mchezo kete zote haziko ubaoni, nyingine umezishika, unaziingiza moja moja unapozihitaji. Nikalazimika kuwaeleza. Mbali na wale 50, Rais alikuwa akiteua wajumbe 10 kwa uwezo wake. Wakuu wa mikoa mitano, aliowateua yeye, walikuwa wakiingia Barazani kwa vyeo vyao. Mwanasheria Mkuu, wa kuteuliwa na yeye. Kisha viti maalumu vya wanawake, vilivyogawiwa vyama kwa uwiano. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akazirudisha kete kwenye mfuko wake. Alisema neno moja tu: "Basi kaziwekea mkono Katiba yenyewe."

Hapo ndipo palipo na kiini cha ninachotaka kukisema. Ukomo wa urais ni sentensi mbili tatu kwenye karatasi. Kinachoulinda ni hesabu ya watu wanaotakiwa kukubali kabla haujafutwa, na hesabu hiyo inategemea ni wangapi kati yao wamewekwa na huyo huyo anayetaka ufutwe. Mwaka 1999 hesabu ilikuwa ngumu kwa Komandoo kwa sababu watu wa Pemba, pamoja na wavuvi wa Makoongwe ambao hawakuwahi kuuona mlango wa Baraza, walikuwa wamepeleka wawakilishi 21 wa upande mwingine. Laiti Pemba ingegawanyika nusu kwa nusu mwaka 1995, njia ndani ya Baraza ingekuwa nyeupe.

Hata hivyo, nisipowapa haki yao waliokataa ndani ya CCM nitakuwa nimeidhulumu historia. Wazanzibari wa CCM waliopinga walikuwapo, na walikuwa wakijua wanachokihatarisha. Mwisho wa jambo ulifanyika Dodoma mapema mwaka 2000, chini ya uenyekiti wa Rais Benjamin Mkapa: Halmashauri Kuu ya Taifa haikukubali Katiba ya Zanzibar ibadilishwe kwa ajili ya kipindi cha tatu. Kampeni ikafa. Ndani ya miezi michache, kikao cha namna hiyohiyo kikamteua Amani Abeid Karume kuwa mgombea, ingawa Kamati Maalumu ya Zanzibar ilikuwa imempa kura nyingi zaidi Dk. Mohamed Gharib Bilal, Waziri Kiongozi wa Komandoo.

Mambo hayo mawili nimeyafikiri kwa muda mrefu. Katiba ya Zanzibar iliokolewa, na nashukuru iliokolewa. Lakini haikuokolewa na Baraza la Zanzibar, wala na mahakama ya Zanzibar, wala na kura ya Wazanzibari. Iliokolewa katika kikao cha chama, ambacho wengi wa wajumbe wake hawatoki Visiwani. Mkono ulioizuia tamaa ya mtu mmoja ndio uliopindua chaguo la wajumbe wa Zanzibar majira yaleyale. Ulinzi unaotegemea busara ya mwenyekiti wa chama unadumu muda wa busara yake tu. Na tuliona. Oktoba 2000 uchaguzi ukavurugika tena, na tarehe 27 Januari 2001 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji, wengi wao hapa Pemba. Zaidi ya watu 30 walikufa kwa hesabu za walio wengi, na zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya, kwa vyombo vya bahari. Mkapa, aliyeuzima mradi wa kipindi cha tatu, ndiye aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu siku ile. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa 2019 alikiri kwamba mauaji yale yamebaki kuwa doa katika utawala wake. Mtu mmoja anaweza kuilinda Katiba mwaka huu na kushindwa kuilinda roho ya raia mwaka unaofuata.

Sasa niwazungumzie matajiri, kwa sababu hadithi ya ukomo wa madaraka mara nyingi husimuliwa kana kwamba ni ya mtawala mmoja mwenye uchu. Mtawala mmoja hana nguvu za kubadilisha Katiba. Huwa wapo watu nyuma yake waliopata vibali, ardhi, zabuni na misamaha ya ushuru kwa saini yake, na wanaogopa saini ya mtu mwingine. Yeye anaweza kustaafu akapewa kiinua mgongo na walinzi. Wao hawapewi kitu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule nilioufuata kwa redio nikiwa kijana mwalimu, mwaka 1976. Kenya ya Mzee Jomo Kenyatta ilikuwa na sharti kwamba Rais akifariki, Makamu wake anashika kwa siku 90. Makamu alikuwa Daniel arap Moi, na hakuwa wa kundi la matajiri wa jumuiya ya GEMA. Septemba 26 wakakusanyika Nakuru kudai Katiba ibadilishwe. Angalieni waliokuwapo mbele: Kihika Kimani, aliyejenga nguvu zake kwa kampuni ya kununua mashamba ya Ngwataniro, Njenga Karume, mwenyekiti wa GEMA na mfanyabiashara mkubwa wa bia, Njoroge Mungai, ndugu wa Kenyatta na waziri wa zamani. Hawakuficha. Kenyatta alikuwa mzee, na wao walitaka mlango ufungwe kabla hajafunga macho. Oktoba 6 Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo, akatoa onyo kwamba kufikiria au kupanga kifo cha Rais ni kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Mkutano ukageuka hofu, na baraza la mawaziri la Kenyatta likauzima mjadala. Agosti 1978 Kenyatta alifariki, Moi akashika kwa Katiba ileile, akatawala miaka 24. Njonjo aliilinda Katiba kwa kumlinda Moi, na Moi naye hakuwa mlinzi wa Katiba ya mtu yeyote: mwaka 1982 sheria ikafanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja. Habari hizi zilifika Makoongwe haraka kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu watu wa bahari ya Pemba walikuwa na njia zao za Mombasa, na karafuu zilizovuka usiku zilirudi na magazeti.

Uganda walifanya kwa fedha taslimu. Katiba yao ya 1995 iliweka vipindi viwili. Mwaka 2005, kuelekea kura ya kufuta ukomo huo, wabunge walipewa shilingi milioni tano kila mmoja. Desemba 2017 ukomo wa umri wa miaka 75 nao ukafutwa, kura 317 kwa 97, baada ya wabunge kupewa milioni 29 kila mmoja kwa kile kilichoitwa kwenda kuwasikiliza wananchi. Wachache walizirudisha. Komoro, ambako Wangazija ni ndugu zetu wa damu, kura ya maoni ya Julai 2018 ilivunja utaratibu wa visiwa kupokezana urais, na Oktoba mwaka huo watu wa mji wa Mutsamudu wakapigana mitaani. Bara kwetu, mbunge Juma Nkamia alipendekeza mwaka 2017 kipindi kiwe miaka saba. Rais Magufuli akakataa. Spika Job Ndugai naye akasema ataongezewa atake asitake. Wa chini wanashikilia kuliko mwenye kiti, na ukiwaona wameshikilia hivyo, tafuta walichonacho mkononi.

Hapa kwetu sitataja majina ya matajiri, kwa sababu sina ushahidi wa kumsimamisha nao mtu mmoja mmoja. Nitasema kinachoonekana na kila mtu. Tangu biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, utajiri mkubwa wa Zanzibar umepitia bandarini na kwenye fukwe: uagizaji wa bidhaa na ardhi za hoteli. Vyote viwili vinahitaji karatasi ya serikali. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilitangaza kuvikodisha visiwa vidogo kadhaa kwa wawekezaji wakubwa, kwa mikataba mirefu. Tunaoishi kwenye kisiwa kidogo tuliisikiliza taarifa ile kwa masikio mawili. Simlaumu anayekuja na mtaji wake, kazi zinahitajika na vijana wetu wamekaa. Lakini mtu aliyetia mamilioni ya dola kwenye kisiwa kwa mkataba wa miongo ana sababu nzito ya kutaka Ikulu isibadilike, na sababu hiyo haipigiwi kura popote.

Kitu kikubwa kilichofanyika kuulinda ukomo kilitokana na Maridhiano. Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu. Julai 31, 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali serikali ya umoja wa kitaifa. Marekebisho ya kumi ya Katiba yaliyofuatana na hatua hiyo yaliingiza kifungu cha 80A: vifungu vikubwa vya Katiba visibadilishwe na Baraza peke yake mpaka wananchi wenyewe waulizwe kwa kura ya maoni. Watu wengi wanaikumbuka 2010 kwa sababu Maalim Seif aliingia serikalini. Mimi naikumbuka kwa 80A. Ndiyo jibu la swali la yule kijana mkuna nazi: kete za mkononi peke yake hazitoshi tena.

Miaka mitano baadaye tukajifunza kwamba kuna mlango mwingine usiohitaji kubadilisha neno hata moja. Dk. Ali Mohamed Shein, mtoto wa Chokocho, wilaya yetu hii ya Mkoani, aliapishwa Novemba 3, 2010. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 25, 2015. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akatangaza kuufuta, matokeo yakiwa hayajakamilika kutangazwa. CUF wakasema miaka mitano ya Rais imekwisha Novemba 2. Serikali ikajibu kwamba Katiba inamruhusu Rais kuendelea mpaka Rais anayefuata aapishwe, na kwa maneno yaliyoandikwa ilikuwa na hoja. Uchaguzi ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF wakasusia, Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Alitumikia vipindi viwili, akaondoka 2020 kama inavyotakiwa, na hilo naliandika kwa heshima. Ila miezi ile minne na zaidi ilinifundisha kuisoma Katiba upya. Sharti la kumbakisha Rais hadi mrithi aapishwe liliwekwa ili nchi isikae bila ya kiongozi. Anayeweza kuamua ni lini mrithi atapatikana anaweza pia kuurefusha muda wa Rais bila ya kumuomba mtu ruhusa. Maneno hayo bado yako vilevile, na kwa rai yangu yanahitaji kuwekewa siku: si zaidi ya siku kadhaa, kisha Spika au Jaji Mkuu ashike kwa muda mfupi.

Nikirudi kwenye pendekezo la 2024: wengi walifarijika Ikulu ilipolikana. Mimi nilifarijika nusu. Pendekezo la miaka saba halifuti vipindi viwili, linavirefusha, na watu wakisikia "vipindi viwili vinabaki" wanalala. Mara mbili saba ni 14. Mtoto anayeanza darasa la kwanza siku Rais anapoapishwa angekuwa na umri wa kuoa siku Rais anapoondoka. Na aliyelipeleka jambo hadharani ni kiongozi wa ngazi ya juu wa chama tawala, akisema kikao kimeridhia. Kikao kilichoridhia mara moja kinaweza kuridhia tena.

Dk. Mwinyi alichaguliwa tena Oktoba 2025. Kwa Katiba iliyopo, muda wake unakwisha 2030. Vijana wa Makoongwe, mwaka huo wagombea wa uwakilishi watavuka kuja kwetu kama wanavyovuka kila baada ya miaka mitano, watakaa barazani petu, watanywa kahawa yetu, wataahidi gati na barabara na maji. Kabla ya gati, waulizeni hivi mbele ya watu: ukiletewa mswada wa kurefusha muda wa Rais, au wa kukigusa kifungu cha 80A, utapiga kura gani? Mwandikieni jibu lake kwenye daftari, atie saini, na daftari libaki skuli.